Chokaa ya Baba Dlamini, Saruji ya Papa Selestini

Ufunguo mkubwa wa kanisa letu ulikuwa mzito kiasi cha kumwumiza mwizi, na mara moja nilifikiria kuutumia hivyo. Sasa sinao. Nimeurudisha, nimestaafu, na wenzangu wachache wanaotunza makanisa ya zamani hapa Durban wameniomba niandike niliyojifunza. Wanataka mambo ya kazi: nta gani inafaa kwa mabenchi, namna ya kuvuta kengele bila kukata kamba, popo wanafukuzwaje. Baadhi nitayagusa. Lakini kanisa nililolitunza limefungwa, na anayepokea ushauri wa mtunza nyumba iliyofungwa ana haki ya kujua ilifungwaje. Kwa hiyo nitakwenda kwa mpangilio.

Nilianza mwanzoni mwa 2008. Kabla ya kushika ufagio nilikuwa nikisoma habari katika redio ndogo kule Uvira, mashariki ya Kongo, na tabia ya kuuliza nani, lini na wapi sikuiacha mpakani. Aliyenipokea ni Baba Dlamini, Mzulu mrefu aliyelitunza kanisa lile tangu ujana wake. Tulizungumza Kiingereza chake na changu, kila mmoja akichomeka maneno ya kwao pale yaliposhindikana. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili. Siku ya kwanza sikupewa ufagio. Aliniambia nilale chali sakafuni, katikati ya mabenchi, na suti yangu ya mahojiano ya kazi.

"Tazama juu," alisema. "Watu wote huangalia altare. Padri yupo kwa ajili ya altare. Wewe angalia boriti. Nyumba kama hii hufa kuanzia juu."

Nilichokiona ni mbao nzito nyeusi zilizopangwa kama mbavu za ng'ombe, kila ubavu ukiingiza ncha zake ndani ya ukuta wa huku na wa kule. Kanisa liko Morningside, kwenye mgongo wa kilima. Lilipojengwa, enzi za Malkia Viktoria, hapakuwa na magari yanayongoja robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa, wala migahawa ya kahawa. Palikuwa na kijiji cha walowezi Waingereza, mashamba, na njia ya mikokoteni ya ng'ombe. Walowezi wale walilikumbuka kanisa la kijijini kwao, wakalijenga hilohilo. Ndiyo maana paa lina mwinuko mkali: kwao, paa lazima literemshe theluji. Paa letu limeingoja theluji ya Durban kwa zaidi ya miaka mia moja na halijakata tamaa.

Mengine pia yalifuata kumbukumbu zao. Ukumbi wa waumini ni mrefu na mwembamba, na upande wa mashariki umechomekwa chumba kidogo zaidi cha altare, kama droo ndani ya kabati. Madirisha yana ncha juu, madogo, yaliyokusudiwa kuzuia baridi ambayo haipo. Birika la ubatizo liko mlangoni, kwa sababu ndivyo mtu anavyoingia katika Ukristo. Kengele imo katika kijumba chake juu ya ukuta wa magharibi. Nje, ukuta umeegemezwa na miguu minene ya matofali. Lakini matofali yenyewe hayakutoka Uingereza. Yalichomwa palepale kijijini, kwa udongo wa pale, nayo ni mekundu na laini kama mkate uliotolewa mapema jikoni. Yameunganishwa kwa chokaa na mchanga. Enzi hizo hapa hakuna aliyejengea saruji.

Kazi ya mwaka mzima nilifundishwa kwa kutazama. Mabenchi hupakwa nta ya nyuki, kidogo, kisha unasugua mpaka mkono uchoke. Ukipaka nyingi, bibi harusi atabanduka na benchi. Kamba ya kengele usiivute, isindikize. Mifereji ya paa isafishwe kabla ya mvua, si wakati wa mvua, hata padri akikuomba kwa upole kiasi gani. Na mvua za msimu wa joto zikiisha, ukuta wa nje upakwe chokaa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa. Tuliweka mabonge ya chokaa katika pipa nyuma ya chumba cha mavazi, tukamimina maji tukiwa tumekinga macho kwa miwani, na pipa likachemka lenyewe bila moto. Tuliliacha litulie siku nyingi, tukakoroga mpaka chokaa ikawa kama maziwa. Kisha tulilowesha ukuta na kupaka kwa brashi pana ya nyuzi, tabaka jembamba sana, lisiloonekana jeupe mpaka likauke. Nilimwuliza Baba Dlamini kwa nini tunapaka kila mwaka.

"Kwa sababu mwaka jana tulipaka."

Nikamwuliza aliyemfundisha yeye alisema nini.

"Alisema nisiache."

Nilimwuliza tena baadaye, kwa njia nyingine, kama mwandishi wa habari anavyomzunguka waziri. Jibu halikubadilika. Hakuwa ananificha. Alipewa kazi bila sababu yake, naye akanikabidhi kama alivyopewa.

Chokaa ile ilikuwa na udhia mmoja. Ukiiegemea, inakuachia weupe. Waombolezaji waliotoka kupumzika kivulini, upande wa kusini, walirudi ndani na migongo kama ya waokaji mikate.

Katikati ya mwaka uleule wageni kutoka nchi nyingine za Afrika tulifukuzwa na wenyeji katika mitaa mingi ya mji. Padri Gareth, padri wetu, hakuita kikao; alifungua mlango tu. Familia za Wakongo na Warundi zililala kwenye mabenchi na chini ya mabenchi. Papa Selestini, fundi mwashi kutoka Fizi, alijitandikia na mkewe na watoto chini ya dirisha la ukuta wa kusini. Usiku alikaa macho, mgongo ukutani, akisikiliza barabara. Hali ilipotulia wengi walirudi mitaani, lakini Padri Gareth alitupa ibada ya Kiswahili, kila Jumapili mchana, na kwa watu wengi wa kwetu hapo ndipo pakawa nyumbani katika mji huu. Karatasi za ukimbizi zinaisha muda wake, chumba cha kupanga kinabadilika, salon inahamishwa. Ibada ya mchana ilibaki palepale.

Baba Dlamini alistaafu mwaka uliofuata, akahamia kwa binti yake Isipingo. Mwaka wa Kombe la Dunia, 2010, mvua zilipoisha, nilikuwa naagiza chokaa Papa Selestini aliposimama baada ya ibada kuomba neno. Si msemaji. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu, kanisa hii ilituficha," alisema. "Mgongo yangu inajua ile ukuta. Sasa muangalie vile iko. Kila mwaka tunaipaka unga. Nyumba ya Mungu iko inavaa unga kama mutoto ametoka kuchezea chaki. Tufanye salongo. Tuivalishe sima."

Wasomaji wa kwingine huenda wasielewe uzito wa maneno yale. Sima ndiyo saruji, kwa midomo ya kwetu. Na kwetu nyumba ni za aina mbili: ya udongo, na ya durable, yaani ya kudumu. Ya udongo unaishi ndani yake. Ya durable unaheshimiwa ndani yake. Mtu akipata neema, jambo la kwanza ni kuipiga nyumba ya mama yake sima. Hakuna zawadi iliyo juu ya hiyo. Salongo nayo ni kazi ya wote, bila malipo, Jumamosi, kila mtu na kifaa chake. Tuliokuwa ndani siku ile, wengi tulikuwa tumeacha nyuma nyumba ambazo hatukuwahi kuzimaliza.

Baraza la kanisa lilikubali mara moja. Nadhani waliguswa kuliko walivyotaka kuonyesha. Hakuna aliyeuliza, na mimi niliyezoea kuuliza nilikuwa na jibu moja tu, lile la Baba Dlamini, ambalo halikuwa jibu.

Siwezi kuandika kwamba Jumamosi zile zilikuwa mbaya. Zilikuwa bora kuliko zote nilizoziona kazini. Wamama walibeba mchanga na maji, kwaya iliimba juu ya jukwaa la mbao, masufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, yalichemka karibu na makaburi ya walowezi, ambao hawakulalamika. Papa Selestini alikwangua chokaa yote ya ukuta wa kusini, akapiga saruji nzito, akainyoosha kwa ubao wake wa aluminiamu mpaka ukuta wa kaskazini ukaonekana mlevi. Mwisho akapaka rangi ya mafuta, ya malai, inayong'aa. Wazee wa ibada ya asubuhi, ile ya Kiingereza, walikuja kutazama, wakapiga makofi. Ukuta haukumchafua mtu tena. Padri Gareth aliubariki.

Mwaka wa kwanza hakukuwa na kitu. Wa pili, nilianza kusikia harufu ya kabati lililofungwa kila nilipofungua mlango asubuhi. Upande wa ndani wa ukuta wa kusini rangi ilivimba na kutoa malengelenge. Nikiyagusa, unga mweupe ulimwagika. Vitabu vya nyimbo vya upande huo vilishika ukungu. Nilisafisha mifereji. Nilipanda paani. Nilibadilisha vigae ambavyo havikuwa na kosa lolote. Ibada ya asubuhi ilisema ni jasho letu sisi wa mchana, tunaocheza tukiimba. Mama Nyota wa kwaya akawajibu, mbele ya chai, kwamba wao angalau wapunguze hofu, maana kwa uimbaji wao hata leso haijawahi kulowa. Walicheka, tukacheka, na ukuta ukaendelea kunyonya.

Mwaka 2014 Padri Gareth alimleta msanifu wa majengo ya kale, dada mmoja mwenye nywele fupi na viatu vya mgodini. Hakufungua begi lake la vyombo. Aliniomba ufunguo, akakwaruza kidogo plasta ya ndani mahali pasipoonekana, akaweka unga ule kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi," alisema.

Kisha alitueleza, naye alieleza vizuri. Tofali laini hunywa mvua na kuitema tena. Hiyo ndiyo pumzi yake. Chokaa huliacha lipumue, na chokaa ndiyo inayoliwa badala ya tofali, kwa hiyo hupakwa tena kila mwaka. Saruji ni ngumu kuliko tofali. Hupata nyufa nyembamba kama unywele, maji yanaingia humo, na rangi ya mafuta inayazuia yasitoke. Ni koti la mvua, alisema, alilovalishwa mtu anayetoka jasho. Maji yakikosa mlango hupanda.

Tukaweka ngazi. Alifika pale boriti inapoingia ukutani, akachukua bisibisi, akaisukuma kwa kidole tu. Iliingia mpaka kwenye mpini. Nilikumbuka nilivyolala chali na suti yangu.

Uamuzi wa baraza ulikuwa wazi. Saruji iondolewe, ukuta ukauke msimu wote wa baridi, ambao Durban ni mkavu, kisha ncha za boriti zifunuliwe zote. Zikiwa nyingi nzima, kanisa litatengenezwa. Zikiwa zimeoza, jengo litafungwa na waumini watahamia parokia ya jirani. Parokia hiyo ilikuwa na nafasi asubuhi. Mchana wake ulikuwa tayari wa watu wengine. Kwa maneno mengine, wenzetu wa asubuhi wangepoteza jengo, sisi tungepoteza ibada.

Nilikubali kumweleza Papa Selestini, kwa sababu sikutaka asikie kwa Kiingereza. Nilimkuta Isipingo, karibu na stendi ya taxi, akijenga uzio wa mtu.

"Papa Selestini, iko shida ya kanisa."

"Paa?"

"Ukuta."

"Ile ya kaskazini. Nilisema tuifanye nayo, mukaniambia tupumzike."

"Wa kusini, Papa."

Alicheka. "Ile haiwezi kuwa na kitu, mukubwa. Ile nilifanya na mukono yangu."

Nilimweleza yote: tofali, maji, koti la mvua, bisibisi. Aliacha kucheka lakini hakunikatiza. Alichovya mwiko wake kwenye ndoo, akausafisha pande zote mbili, akaufuta kwa suruali.

"Donc, kumbe nimeifunga pua," alisema.

"Hakuna aliyejua."

"Nilikuwa ninaishukuru."

"Sisi tunajua hivyo, Papa."

"Ninyi munajua. Ukuta ndiyo haijui."

Hakukubali mtu mwingine aondoe saruji ile. Baraza lilisita, wengine wetu wakanong'ona kwamba aliyeharibu asiachiwe kuharibu tena, lakini msanifu alisema anayejua pale saruji ilipokaa nzito ndiye anayefaa. Alimwonyesha namna: patasi ndogo, nyundo nyepesi, kutoka kwenye ufa kwenda ubavuni, kamwe si kupiga moja kwa moja. Papa Selestini alifanya hivyo kwa uangalifu wote, na bado saruji ilitoka na uso wa tofali. Alikuwa ameibandika vizuri mno. Kila kipande alichokibandua kilikuwa na ngozi nyekundu nyuma yake. Alikuwa akikigeuza, akikitazama, akikiweka chini taratibu bila kukitupa. Ng'ambo ya ua, vipande vilipangwa kwa safu, sijui kwa nini, na sikumwuliza.

Baba Dlamini alipata habari, akaja na taxi kutoka Isipingo, na fimbo, na kofia ya kanisani. Tulimwekea kiti kivulini. Yeye na Papa Selestini hawakuwa na lugha moja. Mmoja alipiga patasi, mwingine alitazama, na saa ya chai walikaa pamoja wakigawana mkate, wakionyeshana ukuta kwa vidole. Siku moja Baba Dlamini aliniambia, bila mimi kumwuliza:

"Ningekuwepo, ningewakataza."

Nikasema ingefaa sana.

"Wangeniuliza kwa nini." Alizungusha fimbo yake mchangani. "Ningewaambia, msiache chokaa. Wangeniona mzee mkaidi, wangepaka sima yao." Akaninyooshea fimbo ile. "Na wewe, wena, ungenitetea kwa neno gani?"

Ndiyo sababu ninawasihi mnaofundisha wengine: mkimpa mtu brashi, mpeni na sababu. Kama hamna, itafuteni mkiwa bado mnakumbuka mlikoiweka.

Msimu wa baridi ulikuwa mkavu. Nilifungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Harufu ya kabati ilipungua, kisha ikaondoka. Ukuta ulibadilika rangi kuanzia juu, ukipauka kidogo kidogo, na wiki moja tulipokuwa tukiugusa ulikuwa mkavu mpaka chini. Papa Selestini aliweka kiganja chake pale, akakiacha kwa muda mrefu. Niliona kwamba alikuwa ameanza kutumaini, na mimi pia. Kwaya ilipanga nyimbo za Krismasi mapema mno.

Msanifu alirudi, akafunua ncha za boriti moja baada ya nyingine. Tulisimama chini tukihesabu kwa uso wake. Za kaskazini zilikuwa imara kama siku zilipowekwa. Za kusini zilibomoka mkononi kama keki ya jana. Aliteremka ngazi, akasema ukuta umepona. Kisha akasema boriti hazijapona, na mzigo wa paa zima hauwezi kubaki juu yake.

Ukuta umepona. Nimeyafikiria sana maneno hayo.

Kabla ya kufungwa, mwanzoni mwa 2015, Papa Selestini aliomba jambo moja: apake ukuta wa kusini chokaa. Halikuwa na maana yoyote kwa uhandisi, na baraza lilikubali kwa sababu hiyohiyo, nadhani. Baba Dlamini alikoroga pipa. Mimi nililowesha ukuta. Papa Selestini alipaka tabaka jembamba, akasimama akisubiri weupe utokee. Nikamwambia asisubiri, utakuja akiwa hatazami.

Ibada ya mwisho tuliifanya uani, asubuhi na mchana pamoja, kwa lugha zote. Jua lilikuwa kali, na watu walirudi nyuma kutafuta kivuli mpaka wakauegemea ukuta. Padri Gareth alishukuru kila mtu, na alipofika kwenye salongo ya mwaka wa Kombe la Dunia alishukuru vilevile, kwa sauti ileile, naye alimaanisha. Papa Selestini aliinamisha kichwa. Tulipotoka getini niliwatazama waumini kwa nyuma. Makoti meusi, vitenge, suti za asubuhi, yote yalikuwa na weupe mabegani. Sikuona aliyejifuta.

Sasa ibada ya Kiswahili iko Mobeni, katika ghala tulilokodi kati ya kiwanda cha rangi na karakana ya malori. Paa ni bapa. Kengele ni king'ora cha jirani saa ya kubadilishana zamu. Wengine wamepotea njiani. Kutoka Morningside ni mbali, na Jumapili taxi ni chache. Wiki iliyopita kwaya ilimwomba Papa Selestini apige plasta ukuta wa nyuma, ulio wazi na mbaya. Alikuja na ndoo na mwiko, akausogelea, akauliza:

"Hii ukuta walijenga na nini?"

Vijana walicheka. "Papa, ni block. Mujini yote iko sima."

Aliniomba ufunguo. Nikampa wa nyumbani kwangu, kwa maana mwingine sina. Alikwaruza kidogo penye kiungo, akauweka unga ule ulimini, akasubiri.

"Ni sima," alikubali. Kisha akaanza kuchanganya.